Afande, rudi useme: mwongozo kwa askari anayepangiwa kata huku Unyamwezini

Ng'ombe wa mzee yule alikufa Jumanne alfajiri, nyuma ya kituo, akiwa amefungwa kwenye mwembe. Alikuwa kielelezo. Tulimkamata pamoja na mwizi wake mwezi wa saba. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kiangazi cha Tabora hakina huruma: majani yameungua, kisima cha kituo kinatoa tope, na hakuna fungu la bajeti linaloitwa chakula cha ng'ombe. Aliyekuwa akimlisha ni mzee mwenyewe. Kila Alhamisi alikuja na baiskeli, nyuma kafunga mzigo wa mabua ya mpunga, kilomita 18 kutoka kwake.

Alhamisi ile alikuja kama kawaida. Hakuna aliyemwambia. Tangu Jumanne sote pale kituoni tulikuwa tunategeana, kila mmoja akisubiri mwenzake ndiye apige simu. Mzee aliegemeza baiskeli, akatazama mwembe, akaiona kamba imebaki peke yake. Akafungua mzigo wa mabua, akauweka barazani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akapanda baiskeli akarudi. Hakuuliza wala hakutukana.

Kwa miezi mitano iliyofuata hakuja mtu kituoni kutoka kitongoji chake. Hata mmoja. Kulichomwa nyumba hatukuambiwa, kuliibwa mbuzi wakamalizana wenyewe.

Mimi ni sajenti mstaafu, Mzaramo wa Kisarawe niliyefika Tabora kwa treni nikiwa konstebo na nikazeekea hukuhuku, sasa nakaa Ng'ambo na kufuga kuku. Vijana wanaopangiwa ukaguzi wa kata hunipitia nyumbani wakiuliza, "Mama, hawa watu unaishi nao vipi?" Nimechoka kurudia, basi naandika. Sitataja kituo wala kijiji, maana wengi wa niliofanya nao kazi bado wako hai, nami sina ugomvi nao.

Chai ya kwanza

Usiingie kijijini na difenda siku ya kwanza. Difenda ikisikika, wanaume wanapotelea kwenye mashamba ya tumbaku, wenye kosa na wasio na kosa. Wamezoea gari lile kuja kuchukua, halijawahi kuja kuleta kitu. Mimi pikipiki nilikuwa naiacha kwenye miembe ya mwanzo wa kijiji naingia kwa miguu, na ile robo saa ya kutembea ilinitosha kusalimiwa na kuangaliwa vizuri.

Anza kwa mtendaji wa kata, maana barua yako inapita kwake. Kisha mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Askari wengi huishia hapo. Wewe endelea: ntemi, yaani kiongozi, wa sungusungu (walinzi wa jadi wa kijiji), imamu, mchungaji, katibu wa AMCOS (ushirika wa wakulima), mkunga wa zamani ambaye kila mtu pale kapita mikononi mwake, na mama lishe wa mnadani. Huyu wa mwisho usimdharau. Siku ya mnada anajua nani kaja na ng'ombe wasio wake kabla hata karani hajafungua kitabu.

Na uangalie chai ya kwanza unainywea wapi. Mwenzangu mmoja alipokewa na mwenye duka kubwa na mashine ya kusaga, akala wali kuku kwake wiki nzima. Mpaka anahama, kila kesi iliyomgusa yule mwenye duka watu walisema imeshaliwa. Huenda haikuliwa hata moja. Nani angeamini?

Salamu. Asubuhi ni "Mwangaluka". Mimi nilijifunza hiyo moja nikaitumia kutwa nzima, mpaka saa kumi jioni namsalimu bibi mmoja "Mwangaluka" kwa sauti ya gwaride. Akina mama walicheka, mmoja akaketi chini kabisa. "Afande ndiyo anaamka saa hizi!" Jioni ni "Mwadila". Watoto wa kijiji kile waliniita Afande Mwangaluka mpaka nahama.

Mbele ya mzee nilikuwa navua kofia na kuinama kidogo kama wafanyavyo mabinti wa huku. Jeshi lina kanuni zake kuhusu kofia, nazijua. Hakuna aliyenishtaki.

Sungusungu hutawakwepa

Wapo maofisa watakaokuambia hawa ni genge la kujichukulia sheria mkononi. Kabla hujakubali, jua walikotoka. Walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, huku mpakani mwa Tabora na Shinyanga. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, silaha zimezagaa, ng'ombe wanaibwa kwa makundi, na wananchi wanaona mwizi anapelekwa kituoni Jumatatu, Ijumaa wanakutana naye mnadani anawacheka. Wakajipanga wenyewe kwa upinde, mishale na filimbi. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo na kuwatambua. Kwa hiyo ukifika na neno genge umekosea sheria, na historia umeikosea zaidi, kwa sababu watu hawa waliundwa na udhaifu wetu sisi.

Sikupambii. Nimewahi kupokea mtu mikono imefungwa kamba ya katani mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Nimekuta familia imetengwa kwa kukataa kulipa faini: haichotewi maji, haipewi moto, ikifiwa haizikiwi. Hayo niliyakataa mbele yao, kwa jina langu, mkutanoni. Lakini niliweza kuyakataa kwa sababu nilikuwa nimekaa nao kwanza usiku wa doria, nimekula matobolwa yao ya viazi vitamu na kupigwa na baridi yao ya mwezi wa sita.

Tulichofanya ni kununua kaunta buku la kwaya mbili. Tukalipiga mistari: tarehe na saa, jina la mtuhumiwa, ana jeraha gani anapopokelewa, alikutwa na nini, nani kamleta, nani kampokea. Pande zote mbili zinasaini, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Ntemi wao, mzee mrefu mwenye sauti ndogo, aligoma kwenye mstari wa jeraha.

"Mwanangu, tukiandika jeraha si tunajishtaki?"

"Baba, nisipoandika, akifa mahabusu mimi nitasema mlimleta hivyo, na ninyi mtasema mlimleta mzima. Nani ataaminiwa?"

Alikaa kimya kidogo, akaomba kalamu. Tangu siku hiyo viboko vilipungua bila hotuba yoyote, maana kila mmoja alijua kitakachoandikwa. Na upande wetu pia, hakuna askari aliyemgusa mtu aliyeandikwa kwamba kapokelewa mzima.

Halafu kuna mwano. Ni yowe la hatari. Likipigwa usiku, kila mwanamume mwenye nguvu anatoka, na anayebaki ndani kesho ataulizwa. Wewe unayelala huko kwenye kata, ukilisikia, toka. Hata kama huna gari, hata kama umevaa kanzu. Kesho utaulizwa na wewe.

Rudi useme

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, wanangu.

Siku ya tano baada ya mzee kuacha mabua yake barazani, nilimwomba mtendaji anisindikize nikaenda kwake. Nilitegemea kufukuzwa. Akanipa kigoda, akamwita mjukuu alete maji, akasubiri ninywe. Nikasema: ng'ombe wako amekufa mikononi mwetu, alikufa Jumanne, hatukuwa na chakula cha kumpa, na hatukukuambia kwa sababu tuliona aibu. Akatazama zizi lake muda mrefu. "Ng'ombe hufa," akasema. "Kwani hapa kwangu hawafi? Ningeambiwa tu."

Fidia ilimchukua mwaka na nusu na haikufika bei ya ng'ombe. Lakini watu wa kitongoji chake walianza kurudi kituoni baada ya ile miezi mitano, kabla ya fidia, kwa sababu ya safari ile. Ndipo nikaelewa. Ukali wetu watu wanauvumilia, wao wenyewe ni wakali. Kinachowakatisha tamaa ni kwamba kitu kikiingia kituoni hakirudi na wala habari yake hairudi: ng'ombe, baiskeli, panga, malalamiko, hata mtoto wa mtu. Ni kama umekitupa kisimani, hata mlio wa kugonga maji husikii.

Basi anza na mali. Sheria inakutaka ukichukua kitu cha mtu kwenye upekuzi umpe hati ya ulichochukua, isainiwe na yeye na mashahidi. Toa hiyo hati hata kama ni panga kuukuu. Andika mpaka rangi na mkwaruzo. Ikiwa ni mnyama, usisubiri kiangazi kikuamulie: wiki hiyohiyo kaa na mwendesha mashtaka, piga picha za mnyama, za alama ya chuma na za hereni sikioni, muulize kama mahakama inaweza kuombwa amri ya mwenye mali kukaa na mnyama wake mpaka shauri liishe. Nikiwa na kesi sita za mifugo niliwahi kumaliza nne hivyo, bila ng'ombe hata mmoja kulala kituoni.

Na kila kesi inapoahirishwa, mpigie mlalamikaji. "Shikamoo baba, leo shahidi hakuja, tumepangiwa tarehe 14." Sekunde 20. Vocha niliinunua mwenyewe, ndiyo, na sijutii, ila wakubwa wakisoma hapa wajue kwamba vocha ya askari wa kata ingekuwa na maana kuliko mabango.

Pili ni dhamana, na hapa ndipo uongo unapozaliwa. Mtuhumiwa anakamatwa leo, kesho anaonekana kilabuni anakunywa. Kijiji kizima kinasema kapenyeza. Usisubiri litokee. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, omba dakika 15 kwenye ajenda ulieleze kabla hakuna kesi ya mtu yeyote mezani. Nilijaribu kulieleza kwa lugha ya sheria, watu wakasinzia. Mara ya pili nikawauliza: mkulima akichukua mbolea ya mkopo AMCOS, nani anamdhamini? Wanachama wenzake, wakajibu. Akidhaminiwa deni limefutwa? Wakacheka: lifutwe wapi! Basi, nikasema, na polisi ni hivyohivyo, deni lake liko palepale, anasubiri mahakamani. Kwa kosa la kawaida siruhusiwi kumkalisha mtu ndani zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mbele ya hakimu, na dhamana yenyewe hainunuliwi, ni bure. Mzee mmoja akanyoosha mkono: "Kwa hiyo aliyelipa laki mbili mwaka jana alilipa nini?" Ukumbi ukanyamaza. Nikamjibu kwamba aliibiwa, na kwamba TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba ya bure, 113. Mkuu wangu hakufurahi alipoisikia. Mwezi uliofuata tulipata taarifa tatu za maana kutoka kijiji kile.

Ukimwachia mtu kwa kukosa ushahidi, vilevile nenda ukaseme. Mwite mlalamikaji kando, mwambie ulichokitafuta, ulichokipata, na kilichopungua. Atakasirika. Mwache akasirike mbele yako, ni afadhali kuliko akakasirike kwa sungusungu.

Tatu ni jina la aliyekupa habari. Watu wa huku hawaogopi mwizi, wanaogopa kituo kinachotoboka. Mtu ananong'ona saa nne asubuhi, saa kumi jioni mwizi anapita mbele ya nyumba yake akimwita kwa jina. Ikitokea mara moja, umekwisha. Hamna semina itakayokuokoa. Mimi nilikuwa nafanya hivi: nikitaka kuongea na mtu mmoja, napita nyumba kumi. Kila nyumba nakaa muda uleule, nakunywa maji, nauliza habari za mvua na za mtoto aliyeko shule Tabora mjini. Katika kumi hizo moja ndiyo niliyoifuata. Tumbo lilijaa maji mpaka natembea nalisikia linacheza, lakini hakuna aliyeweza kusema ni nani kaongea.

Fomu namba tatu na kuku

PF3, fomu ya polisi ya majeruhi kupelekwa kutibiwa, ni bure. Namba ya RB, ya taarifa yako kuandikwa kituoni, ni bure. Hela ya karatasi, hela ya kalamu, hela ya mafuta ya kwenda kumkamata aliyekuibia: hizo zote ni ukuta unaujenga mwenyewe kati yako na watu. Najua mafuta hayatoshi, nimekuwa huko. Nilikuwa nasema wazi, "Leo gari halina mafuta, nakuja kwa baiskeli, nitafika saa nane," na nilifika saa nane. Watu walisubiri.

Siku moja mama alitembea tangu usiku na mtoto wake wa kiume aliyechomwa kisu begani, kakifunga kidonda kwa kanga. Alikuwa amepita mlangoni mwa zahanati. Ameambiwa alete fomu kwanza. Aliyemwambia hivyo alikosea, majeruhi hutibiwa kwanza karatasi ikafuata, lakini na sisi tulikosea kwa kuziweka fomu zile kwenye kabati moja, kwa mtu mmoja mwenye ufunguo, umbali wa nusu siku. Baada ya hapo nilitembea na PF3 kwenye mkoba, pamoja na muhuri nilioidhinishiwa na mkuu wa kituo, nikakubaliana na muuguzi wa zahanati kwamba akipata majeruhi anaanza kazi na kunipigia.

Kuku sasa. Utaletewa. Mtu umemrudishia baiskeli yake, anakuja na jogoo kamshika miguu. Kumkatalia ni kumtukana, kumpokea ni kuanza mdomo. Nilijiwekea kanuni yangu: kilichopikwa nakula, kilicho hai narudisha. Ukinikaribisha ugali na uyoga wa masika nitanawa mikono na kula na wanao. Jogoo mzima nitakwambia, "Baba, mpike wewe, uniite." Wengine hawakuniita. Hilo nalo ni jibu.

Wenye majina yao

Miaka miwili nilihamishiwa Igunga, upande wa mbuga ya Wembere, ambako Wataturu wanachunga. Mkaguzi aliyenipokea aliwaita Wamang'ati, na karibu kila askari aliwaita hivyo. Ni jina walilopewa na Wamasai, maana yake adui, na wao hawalipendi. Fikiria unamwita mtu adui asubuhi, mchana unamwomba akusaidie kumpata mwizi.

Kosa la pili lilikuwa mkalimani. Mgogoro ni wa malisho kati ya Mtaturu na mkulima wa Kisukuma, na kituo kinamtumia kijana wa Kisukuma kutafsiri maelezo ya Mtaturu. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Aliyeko upande wa pili wa meza hana njia ya kujua. Tafuta mkalimani kutoka kwao, na maelezo yakishaandikwa mrudishie kwa mdomo sentensi moja moja kabla hajaweka dole gumba. Kwa wanawake wao nilikaa mwenyewe, kando, na mwanamke mwenzao wa kutafsiri. Mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya tatu akaniambia habari ya binti aliyepigwa, ambayo mwenyekiti wa kijiji hakuwa ameisikia.

Na usidhani mwenyekiti wa kijiji ndiye njia ya kila mtu. Jamii inayohama na mifugo, mwenyekiti huenda hajalala hata usiku mmoja kwenye maboma yao. Wana wazee wao, wanakaa chini ya mti, kila mmoja anasema mpaka amalize. Nenda ukae. Peleka muda wako wote wa siku hiyo, usiangalie saa. Nilipokuwa naangalia saa walikuwa wananyamaza. Nilipoivua nikaiweka mfukoni wakaendelea.

Upande wa Kaliua, kule Ulyankulu, hadithi ni nyingine lakini kidonda kinafanana. Wapo watu ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi mwaka 1972, wao wenyewe wamezaliwa hapa, na mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kukabidhiwa. Bado utasikia askari kizuizini anasema "nyie wakimbizi". Neno hilo likikutoka mdomoni, usitegemee kesho mtu akuoneshe njia.

Bibi mwenye macho mekundu

Hili ni zito, sitalirefusha. Tabora, Shinyanga na Mwanza tumezika bibi wengi waliouawa kwa kuambiwa ni wachawi, na mara nyingi ushahidi ni macho mekundu, ambayo bibi kayapata kwa miaka 50 ya kupuliza kuni. Ikisikika kijiji kinachanga hela kuwaita rambaramba waje kufichua wachawi, una siku chache. Sheria ya Uchawi, ya tangu 1928, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa. Wasomee. Lakini usiitegemee peke yake.

Nilipoambiwa kuna bibi ametajwa, nilihamishia Alhamisi yangu kwake. Kila Alhamisi saa tisa, na sare, kwenye mkeka, mbele ya nyumba, tunachambua mboga. Nikamchukua muuguzi aje apime macho ya akina mama wote wa jirani siku moja, hapohapo uani kwa bibi. Wenye macho mekundu walikuwa saba, mmoja ni mke wa mtu aliyekuwa anakusanya mchango. Mchango uliishia hapo.

Utani, kwa tahadhari

Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mimi nililitumia hilo bila aibu. Msibani niliwahi kukalia jembe la kuchimbia kaburi nikadai nilipwe kwanza, watu wakacheka katikati ya kilio, na tangu hapo nikawa mtu wa ukoo. Ukiwa mtani, uliza wazee unaruhusiwa wapi. Ukiwa si mtani, usijaribu. Na chumba cha mahojiano hakina utani hata kidogo. Mwenye pingu hawezi kukujibu.

Ukipata uhamisho

Utahamishwa. Mara nyingi ni wakati ule watu wameanza kukuita kwa jina, na barua inakupa siku chache. Usiondoke usiku. Omba hata siku tatu, mchukue anayekupokea, mpite naye kwa miguu kila nyumba ulikokunywa maji. Mkabidhi kaunta buku mbele ya ntemi, mhesabie kesi zilizo wazi na namba za walalamikaji ambao wanasubiri simu. Vielelezo mpitishe kimoja kimoja, na hati yake.

Mimi nilimpitisha kijana mmoja wa Mbeya, mkaguzi msaidizi, viatu vinang'aa mpaka mwembe unajiona. Kwa yule mzee tulifika jioni. Kijana akasalimia "Mwangaluka". Mzee akanitazama, tukacheka wote wawili, kijana hajui kwa nini. Nikaanza kumtambulisha mgeni, mzee akanikata, akamgeukia akaninyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyekuja kuniambia ng'ombe wangu kafa," akasema. "Kaa, ulete maneno."